Usiguse Oili ya Giaboksi

Katika uwanja wangu hapa Tassia, Nairobi, kuna agizo ambalo haipiti wiki kabla sijalisikia. Mteja hushuka garini, hunikabidhi ufunguo, hutaja anachotaka: oili ya injini, filta, plagi, pedi za breki za mbele. Akishapiga hatua tatu kuelekea stejini, hugeuka. "Lakini fundi, oili ya giaboksi usiiguse. Ukiigusa tu, imekufa."

Mara nyingi hajui aliyemwambia hivyo. Alisikia kwa shemeji, au kwa dereva mwenzake, au kwa fundi wa mtaa aliokuwa akiishi zamani. Agizo limeshakuwa mwiko, kama ule wa kutofagia nyumba usiku. Mimi nilianza kazi hii mwaka 1984 nikiwa na miaka 16. Nilikuwepo mwiko huu ulipozaliwa, na hasara yake nimeilipa kwa mfuko wangu, kwa hiyo nataka kueleza ulikotoka. Waliouzaa hawakuwa wapumbavu. Walikuwa mafundi hodari waliokabidhiwa magari yasiyo na historia.

Nilifunzwa Grogan. Kibao cha barabara kinasema Kirinyaga, lakini mafundi wa umri wangu hatujaliacha jina la zamani, la Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza aliyevuma kwa safari yake ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo iliyokwisha mwaka 1900. Mwalimu wangu alikuwa kalasinga mzee ambaye babu yake aliletwa na reli. Hatukumwita kwa jina. Tulimwita Mzee, naye alituita sote "kijana", hata yule fundi aliyekuwa na wajukuu.

Magari yaliyotujia yalikuwa Peugeot 504, pikapu za Datsun 1200, Land Rover za mashambani, Volkswagen, na matatu za kila umbo. Matatu zilikuwa zimeachiwa barabara rasmi mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu kubeba abiria bila leseni maalum ya uchukuzi, na miaka ya themanini ndizo zilizokuwa shule yetu. Karibu zote zilikuwa za gia za mkono, na giaboksi ya mkono ni kiumbe mvumilivu. Ndani yake meno ya chuma yanaogelea katika oili nzito, na oili hiyo ina kazi moja kubwa: kukaa kati ya jino na jino yasisagane. Sisi tuliiita namba 90. Ilitoka kwenye pipa kwa pampu ya mkono, ikivutika kama asali, ikinuka salfa, harufu ya yai viza isiyotoka kwenye kucha hata ukisugua kwa mchanga. Kuipima hakukuhitaji kifaa. Unafungua nati ya pembeni, unajaza mpaka ianze kuchuruzika, unaingiza kidole cha mwisho. Kikirudi kimelowa hadi pingili ya kwanza, unafunga, unapokea pesa.

Matatu ikipitisha mwaka mzima bila oili mpya, ilinguruma zaidi, basi. Haikufa. Dereva alizoea mlio wake kama mtu anavyozoea kikohozi cha babu yake. Tabia yetu ya kuisahau giaboksi ilianzia hapo, na wakati ule haikuwa na madhara makubwa.

Hata hivyo Mzee alikuwa na makopo mawili aliyoyafunga kitambaa chekundu, na ole wako uyachanganye na mengine. Moja lilikuwa la Peugeot 404. Wengi mnalikumbuka gari hilo kwa Safari Rally. Mashindano hayo yalianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na 404 iliyashinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka ule wa 1968 walianza 93 wakamaliza saba tu, katika matope ambayo wazee bado wanayasimulia. Lakini gari hilo shupavu lilikuwa na siri mbili. Giaboksi yake ilitaka oili ya injini, si namba 90. Na difu yake haikuwa ya meno ya kawaida: ilikuwa ya mtindo wa skrubu inayozungusha gurudumu la shaba. Dawa ya salfa inayokilinda chuma ndani ya oili nzito ndiyo hiyo hiyo inayoila shaba. "Kijana," Mzee aliniambia siku nilipokosea kopo, akinishika mkono kabla sijamimina, "shaba na salfa haziishi nyumba moja." Nilikariri maneno hayo bila kuyaelewa. Ilinichukua miaka thelathini kutambua kwamba alikuwa amenifundisha jambo kubwa kuliko la 404: oili si oili tu, kila giaboksi ina yake.

Oili nyekundu niliiona mara ya kwanza mwaka 1986. Lilikuja gari la Mercedes-Benz la otomatiki, la mtu mkubwa, likivuja chini. Magari ya namna hiyo yalikuwa ya mabalozi na wenye vyeo, nayo kwa kawaida yalitunzwa na mawakala wao. Grogan tuliyaona matatu au manne kwa mwaka. Tone lililokuwa sakafuni lilikuwa jekundu kama juisi ya zambarau iliyotiwa maji, nami nikadhani gari linatoka damu. Mzee alinieleza kwamba rangi ile hutiwa kwa makusudi, ili fundi akiona tone chini ajue mara moja kama ni injini inayovuja au ni giaboksi.

Alinipa pia maelezo ambayo hadi leo ndiyo ninayowapa vijana wangu. Katika giaboksi ya otomatiki hakuna pedali ya klachi. Kati ya injini na gia kuna pipa la chuma lenye mapanga ndani, tunaloliita konveta. Injini inazungusha panga moja, panga hilo linairusha oili, oili inasukuma panga la pili, na gari linakwenda. Wazo hilo lilisajiliwa na Mjerumani Hermann Föttinger mwaka 1905 kwa ajili ya meli. Oili hiyo hiyo, ikisukumwa na pampu kupitia vijia vyembamba vya valvu, ndiyo inayobana klachi za ndani na kuchagua gia. Ndiyo inayopeleka joto kwenye rejeta. Ndiyo inayolainisha. Kwa hiyo hapa oili si kitu cha kupaka. Ni mkono wenyewe unaobadilisha gia. Ukiidhoofisha umeukata mkono.

Wamarekani ndio walioiweka giaboksi hiyo kwenye gari la watu wengi, kampuni ya General Motors ilipoitoa Hydra-Matic mwaka 1939 kwa magari ya Oldsmobile. Baada ya vita, mwaka 1949, ikaweka kiwango cha kwanza cha oili yake, Aina A. Nilipokuja kusoma habari zake niligutuka: ndani ya oili ile kulikuwa na mafuta ya nyangumi, wale wenye kichwa kikubwa kama ukuta, kwa sababu hakuna kingine kilichozifanya klachi zishike taratibu bila kutetemeka, hata kwenye joto kali. Sheria ya Marekani ya 1973 ya kulinda viumbe wanaokaribia kutoweka iliyafunga mafuta hayo, na wanakemia wakalazimika kutafuta mbadala. Huwa nawaza juu ya mnyama yule wa bahari ya mbali akifa ili mtu abadilishe gia bila kushtuka. Basi hata kitu kidogo kama kutotetemeka kilikuwa na gharama yake.

Narudi kwetu. Mambo yaligeuka miaka ya tisini. Leseni za kuingiza bidhaa ziliondolewa mwaka 1993, na meli zikaanza kushusha Mombasa magari yaliyotumika Japani. Katika miaka michache mwalimu wa shule, karani na mwenye duka waliweza kuota Corolla. Na Wajapani, tofauti na sisi, walikuwa wamekwisha kuizoea otomatiki. Mafundi wa Grogan, wa Gikomba, wa Ngara, wa Kariobangi, sote wenye vidole vilivyozoea nati ya pembeni, tulijikuta tukifungua bonneti na kukuta kijiti cha kupimia oili ya giaboksi ambacho hatukuwa tumekitazama kwa makini.

Gari lilikuja limetembea kilomita laki moja au zaidi, au limetembea zaidi ya hapo na mita ikarudishwa nyuma njiani. Kitabu cha huduma, kama kilikuja, kilikuwa cha Kijapani. Aliyelinunua hakujua kama oili ile ilikuwa ya mwaka jana au ya tangu kiwandani. Naye hakuuliza, kwa sababu gari lilikwenda vizuri. Aliliendesha miaka mitano mingine. Siku gia zilipoanza kuteleza, injini ikilia na gari halivuti, ndipo alipokuja. Tulichomoa kijiti, tukakifuta kwa kitambaa cheupe, tukakuta oili nyeusi inayonuka ugali ulioungua. Dawa tuliyoijua ilikuwa moja: tubadilishe. Tukabadilisha. Baada ya wiki mbili gari halikusogea kabisa.

Mteja angesema nini? Lilikuwa linakwenda, fundi akagusa oili, likafa. Na fundi mwenyewe, akiona hivyo mara ya pili na ya tatu, angesema nini? Mwiko ulizaliwa hapo, kwa watu waliotazama kwa macho yao wenyewe. Walichokiona kilikuwa kweli. Klachi za ndani ni visahani vilivyobandikwa utando kama karatasi nene. Utando ukilika, ungaunga wake hubaki ndani ya oili, na ungaunga ule huvisaidia visahani vilivyochakaa kushikana kidogo. Ukimwaga oili ile ukaweka mpya safi, umeondoa fimbo aliyokuwa akiegemea mgonjwa. Tena oili mpya ina dawa ya kusafisha, inabandua utando wa masizi na kuupeleka kwenye vijia vya valvu, na kijia kikiziba gia haiingii. Lakini gari hilo lilikuwa limekufa tayari. Oili ilichelewa miaka mitano, halafu ikabebeshwa lawama ya maiti.

Kilichonifungua macho ni kipande cha plastiki. Mwaka 2001 nilikuta kikining'inia chini ya bonneti ya Corolla, kimefungwa kwa waya karibu na betri, kina maandishi ya Kijapani na tarakimu. Niliwahi kuviona vingi na kuvitupa. Hiki nilikipeleka kwa binti mmoja aliyefanya kazi kwenye yadi ya magari, ambaye bosi wake alikuwa amemfundisha kusoma karatasi za mnada. Akacheka, akanionyesha. Wajapani huhesabu miaka kwa utawala wa mfalme. Heisei ya kwanza ni 1989, kwa hiyo Heisei ya 10 ni 1998. Kile kipande kilikuwa kumbukumbu ya gari: tarehe ambayo gereji ya kule ilibadilisha oili, na kilomita. Pembeni kulikuwa na herufi tatu nilizozijua, ATF, ndiyo oili ya otomatiki. Ilibadilishwa. Kumbe magari yale yalikuja na historia yao, imefungwa kwa waya, nasi tukaitupa pamoja na taka kwa sababu hatukujua kuisoma. Tangu siku hiyo sijatupa hata kimoja.

Nilihamia Tassia 2003. Ardhi hii ilikuwa ya NSSF, hazina ya uzeeni ya wafanyakazi, na wakati huo sehemu kubwa ilikuwa bado wazi, udongo mweusi unaong'ang'ania kiatu wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Niliuona mtaa ukipanda ghorofa baada ya ghorofa, na kila ghorofa ikileta magari yake. Kiwango cha serikali kinachokataza gari lenye zaidi ya miaka minane kilihakikisha kwamba teknolojia ya Japani inatufikia ikiwa bado changa, na ilipofika mwaka 2013 hivi zikaanza kumiminika Fielder, Axio, Vitz na Nissan zenye giaboksi ya CVT.

Hiyo haina gia. Ina mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya magurudumu mawili ya umbo la koni. Mholanzi Hub van Doorne ndiye aliyeileta sokoni katika gari la DAF mwaka 1958, kwa mikanda ya mpira. Mkanda wa chuma ulifuata miaka ya themanini, na Toyota wakaanza nayo kwenye Opa mwaka 2000. Oili ya otomatiki ya kawaida imetengenezwa ili klachi ziteleze taratibu kabla ya kushika. Oili ya CVT imetengenezwa ili chuma kishike chuma kisiteleze hata kidogo. Ni kinyume kabisa.

Mimi sikulijua hilo mwaka 2014. Mama mmoja jirani yangu, muuguzi, aliniletea Fielder iliyotembea vizuri. Alikuwa mtu mwangalifu, hakutaka kungoja iharibike. Nilimwaga oili yake, nikaweka nyekundu nzuri ya otomatiki, ya bei ghali, kopo halisi. Baada ya siku tisa alinipigia akiwa barabara ya Outer Ring, gari linalia kama bomba la maji na halipandi. Nilipofungua sampu ya oili nilikuta sumaku zimevaa manyoya ya chuma. Mkanda ulikuwa umechubua koni zake. Nilimnunulia giaboksi ya mtumba kwa pesa zangu, nikalipa deni hilo miezi saba. Hakunigombeza. Alisema tu, "Fundi, si nilikuamini?" Usiku ule nilimkumbuka Mzee na makopo yake mawili yenye kitambaa chekundu.

Na mtaani habari ilienea kama ilivyopaswa kuenea: fundi amegusa oili, giaboksi imekufa. Mwiko ulipata ushahidi mpya, na ushahidi huo niliutoa mimi.

Magari haya mapya yametunyang'anya kijiti pia. Mengi hayana pa kuchovya. Watengenezaji wengine wakaandika kwamba oili ni ya maisha yote ya gari, nasi tukaamini, ingawa ZF, Wajerumani wanaotengeneza giaboksi zenyewe, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kupima sasa ni kazi ya kipimajoto. Kwa Toyota nyingi unaliinua gari likae sawa kama meza, unaunganisha kwa waya tundu la 4 na la 13 kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, unapeleka gia huku na huku, unasubiri taa ya D. Ikiwaka, joto limefika. Ikianza kumeta, limepita, zima usubiri. Ndipo unapofungua nati ya chini na kuiacha oili iliyozidi idondoke hadi matone yawe moja moja. Kijana wangu wa kwanza kulifahamu hilo alijifunza kwa simu yake, akanifundisha mimi. Nilimpa heshima yake mbele ya wenzake.

Kazi imeongezeka tangu Uber ilipoanza Nairobi mwaka 2015. Madereva wengi wa teksi za simu wanalala mitaa hii, Tassia, Fedha, Pipeline. Vitz iliyotengenezwa impeleke mke wa mtu sokoni inazunguka saa kumi na nne kwa siku, nusu yake ikitambaa kwenye foleni, na kutambaa ndiko kunakoipika oili kuliko mwendo wa kasi. Kwa gari kama hilo nasema kilomita 40,000, halafu simwagi yote kwa mashine ya kusukuma. Nafungua, natoa kinachotoka, napima kwa jagi, narudisha kiasi kile kile cha oili ile ile iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari: TC au FE kwa Toyota, NS-3 kwa Nissan. Baada ya wiki mbili narudia, kisha tena. Mara tatu. Polepole mgonjwa anazoea. Na kama oili imeshanuka kuungua na gia zinateleza, nasema ukweli kabla ya kushika spana: hapa oili haitakusaidia, weka akiba ya giaboksi.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalituletea kitu kingine. Magari yaliyolala ndani ya maji yalikuja na oili ya rangi ya waridi, kama maziwa yaliyotiwa strawberi. Maji yameingia kwa tundu la kupumulia. Magari hayo hayasubiri hata siku moja, maana maji yanalainisha gundi inayoshika utando wa klachi. Tulifanya kazi hadi usiku kwa taa za simu, na yaliyookoka ni yale ambayo wenyewe hawakuyawasha.

Oili chafu naikusanya kwenye mitungi. Zamani tuliimwaga mtaroni, nayo ikashuka hadi mtoni, na naona uchungu nikikumbuka. Sasa wenye kujenga ua huja kuichukua wapake nguzo dhidi ya mchwa, na nyingine huenda kwa wenye kibali cha kuisafirisha. Makopo matupu nayatoboa kwa bisibisi, kila moja, kwa mkono wangu, asije mtu akayajaza kitu kingine na kumuuzia fundi mwingine.

Juzi yule mama muuguzi alileta Fielder yake, bado ni ile. Nilipomaliza nilichukua kipande cha plastiki nilichokikata kwenye kopo la oili, nikaandika kwa kalamu isiyofutika: "Oili ya giaboksi, CVT TC, lita 3 na nusu, kilomita 187,200, inayofuata 227,200." Nikatia tarehe, nikakifunga kwa waya karibu na betri. Kile cha Kijapani bado kipo hapo, kimefifia. Heisei ya 19.